Piano Hupigwa, Haichezwi

Swali la leo limetoka kwa msomaji wa Entebbe. Yumo katika kamati inayoandaa tamasha la piano la wanafunzi, la siku tatu: siku ya kwanza mwanafunzi mmoja mmoja atapanda jukwaani peke yake, siku ya pili watapiga kwa vikundi vidogo pamoja na fidla, siku ya tatu wataonyeshwa filamu kuhusu wanamuziki. Tangazo lilitakiwa kwa Kiingereza, Kiluganda na Kiswahili, na la Kiswahili akaachiwa yeye. Akaandika: "Njooni muwaone watoto wakicheza piano. Kutakuwa na risaito, muziki wa chemba na filamu za muziki." Kesho yake mzazi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, akampigia simu kumuuliza binti yake avae nguo gani za kuchezea. "Mwalimu," ananiandikia, "mimi ni Mganda, Kiswahili nilikipata shuleni. Nimekosea wapi? Na maneno yale mengine yako sawa?"

Ndugu yangu, mzazi huyo alikusoma sawasawa. Mpira huchezwa, bao huchezwa, karata huchezwa. Ikija kwenye muziki, kucheza ni kazi ya miguu, mabega na kiuno. Tazama ngoma yenyewe: mpigaji anaipiga, wachezaji wanaicheza, na wote wako uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Ukisema "anapiga ngoma" watu watatazama mikono yake; ukisema "anacheza ngoma" watatazama miguu. Lugha imetenganisha kazi hizo mbili kwa vitenzi viwili, nasi tukisema "kucheza piano" tunaufuta mpaka huo bila sababu. Tunafanya hivyo kwa kuwa Kiingereza kina kitenzi kimoja cha mpira na cha piano.

Nawe Mganda ndiye wa mwisho kustahili kosa hili. Kwenu mpira ni okuzannya, kucheza ngoma ni okuzina, na chombo cha muziki ni okukuba: okukuba engoma, okukuba ennanga. Okukuba ni kupiga. Kitenzi ulichokuwa ukikitafuta ulikuwa nacho kinywani tangu utotoni. Wanafunzi wangu wengi wa Kampala hukosea Kiswahili mahali ambapo Kiluganda, Runyankole au Lusoga kingewaongoza vizuri, kwa sababu wanapotaka kusema Kiswahili hupitia Kiingereza kwanza. Njia hiyo ni ndefu, na mizigo mingi hupotea humo.

Kwa piano hasa, kupiga si msemo tu. Niliwahi kusimama karibu na fundi aliyekuwa akirekebisha piano ya kanisa moja hapa Kampala. Aliondoa ubao wa mbele, akaniambia nibonyeze kibao kimoja cheupe polepole. Ndani, nyundo ndogo ya mbao iliyovikwa sufu iliyoshindiliwa iliruka, ikagonga nyaya tatu kwa pamoja, ikarudi mahali pake. Nilibonyeza tena na tena, kama mtoto. Vibao viko 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na nyuma ya kila kimoja kuna nyundo yake inayongoja. Ubunifu huo ni wa Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, mnamo mwaka 1700. Vinanda vingi vya nyaya vilivyotangulia vilikwanyua waya, hivyo mpigaji ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole sauti ni karibu ileile. Nyundo ya Cristofori ilitii mkono, ndiyo maana chombo kikaitwa kwa Kiitaliano "cha sauti ya chini na ya juu", jina refu ambalo limebaki "piano" tu, yaani sauti ya chini.

Je, kinanda au piano? Yote mawili ni sahihi. Kinanda ni neno la zamani la pwani. Huko Lamu na Mombasa kilikuwa chombo cha nyuzi cha jamii ya udi na gambusi kabla neno halijapanuka kubeba vyombo vya makanisani. Ennanga yenu imepita njia hiyohiyo: ni kinubi cha nyuzi nane cha Baganda, na leo kanisani neno hilo ni la piano pia. Lakini kwa kuwa kinanda hubeba vyombo vingi, kwenye tangazo lako ningeandika piano, ili mtu asitarajie kinanda cha umeme cha bendi ya harusini. Piano hii, piano hizi. Mpiga piano, wapiga piano.

Sasa hiyo "risaito", yaani recital ya Kiingereza. Itoe. Hata Waingereza wenyewe neno lao liliwatatiza. Franz Liszt, mpiga piano mashuhuri wa Hungaria, alipolitumia London mwaka 1840 kutangaza onyesho lake, watu waliuliza mtu anawezaje kughani kwa piano, kwa maana kwao lilikuwa neno la kusoma mashairi kwa sauti. Sisi hatuna haja ya kurithi tatizo lao. Tuna kutumbuiza, kitenzi kinachosikika redioni kila siku, na tumbuizo lake lipo tangu enzi za ushairi wa kale. "Tumbuizo la piano", na kama unataka kusisitiza kwamba mpigaji yuko peke yake, "tumbuizo la mpiga piano mmoja". Tamasha libaki jina la shughuli nzima ya siku tatu. Ukiita tamasha kila onyesho la saa moja, hutakuwa na neno la kuziita zote kwa pamoja.

Chemba, kutoka chamber ya Kiingereza, yaani chumba, ndiyo iliyonishtua kuliko yote. Neno lipo, na lina maana mbili ambazo hutaki ziwe kwenye bango lako. Kuitana chemba ni kwenda pembeni kusemezana siri. Na kwa mafundi bomba, hasa Tanzania, chemba ni lile shimo lenye mfuniko panapokaguliwa maji machafu. Wengine hukwepa kwa kuandika "muziki wa chumbani", na hapo mtu wa pwani atafikiria kitanda. Rudi kwenye kitu chenyewe: ni muziki wa watu wachache, tuseme wawili hadi tisa, kila mmoja na sehemu yake asiyoshirikiana na mtu, bila kiongozi wa kuwapungia fimbo. Wanatazamana, wanasikilizana. Ulitungwa upigwe nyumbani kwa watu, mbele ya wageni wachache. Kwa Kiswahili mahali hapo panaitwa sebule, kwa hiyo mimi nasema "muziki wa sebuleni". Najua wapo wanaopendelea "muziki wa vikundi vidogo", nao ni Kiswahili safi, ila hauelezi ule ukaribu.

Wala usifikiri ni jambo la Ulaya peke yake. Mtunzi wa Uganda Justinian Tamusuza alitunga Mu Kkubo Ery'Omusaalaba kwa fidla mbili pamoja na viola na selo, ndugu wakubwa wa fidla, na sehemu yake ya kwanza ikarekodiwa na kikundi cha Kronos Quartet cha Marekani katika albamu ya mwaka 1992. Ndani ya nyuzi hizo kumi na sita unasikia mapigo ya Buganda. Huo ni muziki wa sebuleni wenye jina la Kiluganda. Na kwa kuwa muziki huu bado unatungwa, usiuite muziki wa tamasha lako "muziki wa kale". Andika "muziki wa klasiki". Watunzi wake wengine wako hai.

"Filamu za muziki" haina kosa la sarufi, ila mtu ataelewa filamu ambazo wahusika wanaimba badala ya kusema. Kama filamu zinasimulia maisha na kazi za wanamuziki, kihusishi kimoja kinatosha: filamu kuhusu muziki.

Tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, matangazo ya namna hii yataongezeka, na nafurahi kwamba umeuliza kabla ya kuchapisha mengine. Ningekuwa wewe, ningebandika hivi:

"Tamasha la Piano, siku tatu. Njooni muwasikilize watoto wetu wakipiga piano: matumbuizo ya mpigaji mmoja mmoja, muziki wa sebuleni wa piano na fidla, na filamu kuhusu muziki wa klasiki."

Utaona nimebadilisha pia "muwaone" kuwa "muwasikilize". Na yule mama wa Mombasa mpigie simu umwambie binti avae nguo yoyote isiyombana mikono.