Anza na nyumba: kwenu mnaoingia kazi ya kurudisha watoto kwa wazazi wao

Faili nyingi mtakazokabidhiwa huanza na mtoto: alipatikana wapi, yuko makao gani ya watoto, afisa wa watoto anayemshughulikia ni nani. Wewe anza na nyumba. Muulize mzazi mara ya mwisho aliishi wapi akiwa na watoto wake wote, na nyumba hiyo ilimtokaje. Hapa Nairobi, mtaa wa Mukuru kwa Njenga utasimuliwa bomoabomoa ya mwishoni mwa 2021. Mathare watakutajia mafuriko ya Aprili 2024 na matingatinga yaliyofuata kando ya mto. Wengine kibarua kiliisha, deni la kodi likarundikana, siku moja wakarudi jioni wakakuta kufuli mlangoni. Mtoto mmoja akapelekwa kwa nyanya ushago, wa pili akabaki kwa jirani, wa tatu akaishia makao.

Mzazi wa namna hiyo mara nyingi ameandikwa kwenye faili kuwa ametelekeza. Usilikubali neno hilo kabla hujamsikiliza. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, wa 2009, unasema wazi kuwa umaskini peke yake hautoshi kumtenga mtoto na wazazi wake. Serikali yetu ya Kenya nayo ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Visome, maana utavihitaji siku mtu atakapokuambia mtoto ana raha zaidi huko aliko.

Sasa kodi. Mama anayefua nguo za watu Eastleigh hulipwa jioni ya siku hiyo, akipata kazi. Baba wa mjengo hulipwa kwa siku au Jumamosi. Kodi inadaiwa mara moja kwa mwezi, na pesa ya leo hailali: unga, maji ya mtungi, nauli. Nyumba nyingi hupotelea hapo, kwa mtu anayefanya kazi kila siku. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chumba, kaeni na mzazi mwandike pesa inaingia siku gani, kisha aende kwa msimamizi wa ploti aombe kulipa kila wiki kwa M-Pesa. Aongee mwenyewe, wewe kaa pembeni, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki hapo. Wasimamizi wengi hukubali, maana hata wao wamechoka kuzungushwa. Ujumbe wa malipo usifutwe kwenye simu. Siku ya ubishi ndio risiti.

Siungi mkono mradi kumlipia mzazi kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa saba unamkuta hajazoea kutenga ya nyumba. Afadhali mradi ulipe amana na mwezi wa kwanza, kisha nusu, kisha robo, huku biashara yake ikiimarika. Na ujue sheria: nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji au kuchukua vyombo vyake bila amri ya baraza la kodi.

Wakati nyumba inatafutwa, mtoto asikae bila kumwona mzazi wake. Omba siku za kutembelewa mapema, na kama nauli ndiyo kikwazo, iweke kwenye bajeti kabla ya godoro. Kama mtoto aliwekwa makao kwa amri ya korti, hatatoka kwa makubaliano ya mdomo. Afisa wa watoto lazima aandike ripoti na korti iamue. Mweleze mzazi hayo mapema asije akadhani unamzungusha.

Ziara ya kwanza nyumbani ndiyo inayotaka macho yako yote. Huko makao mtoto ana kitanda chake, taa na chakula kwa saa. Hapa ni chumba kimoja chenye pazia katikati, na choo cha ploti nzima. Nimeona mtoto akimwita mama yake mzazi "anti", kama alivyozoea kuwaita walezi, na akificha nusu ya chapati chini ya mto ili ale baadaye. Mama akainama kupuliza jiko lililokuwa linawaka vizuri tu. Usiingilie kwa maneno mengi. Baadaye, mkiwa wawili, mwambie mama kwamba mtoto hufanya hivyo mpaka aamini chakula kitakuwepo kesho, na kwamba asimgombeze. Mpe kazi ndogo ya kufanya na mtoto ziara ijayo, kama kuchambua sukuma wiki pamoja au kwenda naye dukani.

Siku mtoto anaporudi kabisa, faili haifungwi. Uhamisho wa shule, cheti cha kuzaliwa kama hana, jirani mmoja anayeaminika wa kumwangalia mtoto wakati mama yuko kazini: hayo yawe tayari kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo panga kuwatembelea wiki ya kwanza ya mwezi, kodi inapodaiwa, na tena Januari shule zinapofunguliwa. Ukifika, uliza kwanza kama kodi ya wiki hii imelipwa, kisha mpe mtoto nafasi aongee nawe mzazi asipokuwepo.