Masikio Yaliyochoshwa na Mashine Hayaponi kwa Kuzibwa

Kwa miaka tisa nilisaga mahindi na mtama Kibaigwa, nikisimama hatua mbili kutoka kwenye injini ya dizeli tangu asubuhi hadi magharibi. Mwanzoni masikio yalivuma jioni na kutulia alfajiri. Kufikia mwaka wa tatu kelele haikunisumbua tena, nami nikajisifu kwamba nimeizoea, kumbe nilikuwa nimeanza kutosikia. Mama mmoja alileta debe sita za mahindi, akasema, "Sita, mwanangu," nami nikamdai fedha za debe tisa. Sauti nyembamba kama za s na t ndizo hupotea mapema, na zikishapotea, sita na tisa huwa neno moja.

Ndani ya kila sikio zimo seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo ndizo hunasa sauti. Kelele ikizichosha kwa muda, hupata nafuu baada ya saa kadhaa au siku moja mbili za utulivu. Ikizirudia kila siku, hufa, na za binadamu hazioti tena. Kuku ametuzidi hapo, kwani zake huota upya. Mpaka unaotumiwa kazini ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Anayesaga leo avae vizibo vya povu, kwa maana pamba niliyokuwa nikiitegemea huzuia kelele kidogo mno, na mvumo ukipita siku mbili akapimwe.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, nililifanya baada ya kuacha kazi na kuhamia Dodoma mjini. Kijiko kikigonga sahani kilinichoma sikio, kwa hiyo nikavaa vizibo kutwa nzima, hata sebuleni. Baada ya miezi miwili mlio wa kandambili sakafuni nao ukawa adha. Daktari wa masikio alinieleza kwamba ubongo ukinyimwa sauti huongeza ukali wa kusikia, na mvumo nao hupanda. Aliniagiza nivivue kidogo kidogo mahali palipotulia, niwashe redio kwa sauti ya chini mchana na feni usiku, vizibo nivibakize kwa kelele za kweli. Ilichukua karibu nusu mwaka kabla sijaweza kukaa mezani mke wangu akiosha sufuria. Mvumo ungali upo, ila umefifia. Sita na tisa hazikurudi: nikienda soko la Majengo huomba nionyeshwe kwa vidole.