Usitume hizo picha za 3D, tuma mkato

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba uko mwaka wa tatu wa usanifu majengo, potfolio yako (mkusanyiko wa kazi zako) ina kurasa 42, karibu zote picha za 3D, PDF ya MB 68, na kesho unaisambaza ofisi 15 za Dar kuomba kazi. Usiitume. Mimi nilituma ya aina hiyo hiyo, ikanigharimu likizo nzima.

Wanaowaambia wanafunzi kwamba ofisi inataka "picha kali" ndio hao hao wanaouza kozi za picha kali. Inaniuma kweli. Hawajakaa kwenye meza ambayo ramani za kibali zinatakiwa manispaa Ijumaa. Pale mwanafunzi hupewa jedwali la milango na madirisha, ramani ya paa, shimo la maji taka na mikato, yaani michoro inayoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima ili uone ndani yake. Bosi anajiuliza kitu kimoja tu: huyu nikimwachia faili, nitalichora upya usiku?

Mkato ndio unamjibu. Ukurasa wa kwanza, kabla hata ya wasifu wako, weka mkato wa skeli 1:20 unaopita ukuta wa nje toka msingi hadi bati: zege la msingi, kifusi kilichoshindiliwa, jamvi (zege la sakafu ya chini), karatasi ya DPC (ya kuzuia unyevu usipande ukutani) angalau mm 150 juu ya ardhi, tofali la inchi 6, lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), mbao inayolala juu ya ukuta, kenchi za paa. Kila kitu na jina lake na kipimo chake. Wengi huchora DPC inaishia ukutani bila kukutana na nailoni iliyo chini ya jamvi. Unyevu unapita hapo hapo, rangi inabanduka. Msanifu mzoefu analiona kosa hilo kabla hajasoma jina lako.

Wa pili uwe wa ngazi, maana hapo ndipo 3D inadanganya kuliko popote. Sakafu hadi sakafu mm 3,000: gawa kwa vipandio 18 (kimo cha kila hatua), kila kimoja kinapanda mm 166.7. Mikanyagio (pale mguu unapokanyaga) ni 17, si 18, kwa sababu wa mwisho ni sakafu yenyewe. Ukiupa kila mmoja mm 280, ngazi inahitaji urefu wa mm 4,760. Wanafunzi wanaibana kwenye mm 3,640, na kwenye picha inapendeza. Hesabu sasa: mikanyagio 13 tu ya mm 280, kwa hiyo vipandio 14, kila kimoja mm 214. Mama mjamzito apande hiyo? Halafu pima toka ncha ya mkanyagio kwenda juu hadi chini ya boriti. Ikipungua mm 2,000, watu watagonga vichwa.

Kilichokatwa kichore kwa mstari wa mm 0.5, cha nyuma yake 0.18. Chapa kwenye A3 uone kwa macho yako. Kwenye skrini kila mstari unaonekana mzuri. Kurasa 8 zinatosha, na PDF isizidi MB 5, maana wengi wataifungulia kwenye simu.

Ofisi zichague kwenye orodha ya kampuni zilizosajiliwa na AQRB, bodi inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi Tanzania.

Na kama huna mkato hata mmoja, ahirisha hiyo kesho. Chukua tepu leo jioni, kapime ngazi ya hosteli yako, kipandio kwa kipandio, uichore.