Mtoto wa mbwa asiyesimama: tazama sakafu kabla ya kutafuta dawa

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu miguu ya watoto wa mbwa, nami nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Mama Daktari, mbwa wetu alizaa watoto wawili tu. Mmoja ametimiza siku 24, ni mnene kuliko mwenzake, lakini analala kifudifudi na miguu imetanuka pembeni kama ya chura. Mwenzake anatembea. Jirani anasema ni kilema, tumtupe. Nyumba yetu ina vigae. (Himbi, Goma)

Msimtupe. Mtoto wa namna hii huitwa muogeleaji, kwa sababu hupiga miguu kama anayeogelea kwenye nchi kavu, na wengi wao hutembea vizuri wakisaidiwa mapema. Mtoto wa mbwa huanza kusimama kuelekea mwisho wa wiki ya pili, na hutembea katika wiki ya tatu au ya nne. Kwa hiyo wenu amechelewa, lakini mifupa na viungo vyake bado ni laini na vinaweza kuelekezwa. Hali hii huwapata zaidi wenye kifua kipana na miguu mifupi, na wale walionenepa haraka kwa kuwa maziwa ya mama hawagawani na wengi. Vigae humalizia kilichobaki: kila mara mtoto anapojaribu kuinuka, miguu inateleza kwenda nje, na misuli inayopaswa kuvuta mapaja ndani haipati kazi. Ninalirudia hili kila mwaka, na kila mwaka ninaletewa watoto waliolelewa juu ya sakafu inayong'aa.

Leo hii hii mtoeni kwenye vigae. Tandikeni kapeti ya zamani au gunia la katani lililokazwa pembeni lisisogee. Gazeti na kitenge havifai, maana vinateleza pamoja naye. Msimpeleke uani juu ya changarawe ya lava, kwa kuwa tumbo lake linaburuzwa chini na litachubuka, kisha mkojo utayageuza machubuko hayo kuwa vidonda. Mpangusieni tumbo kwa maji ya uvuguvugu na kumkausha kila anapojichafua.

Baada ya sakafu, miguu ya nyuma hufungwa pamoja kwa plasta ya kitambaa, ile tunayoiita sparadra. Kila mguu unazungushiwa plasta juu kidogo ya kifundo, halafu kipande cha katikati kinaunganisha miguu yote miwili kwa upana ule ule wa nyonga, ili nyayo zikae chini ya mwili kama za mbwa aliyesimama. Njiti ya kiberiti ipite kwa urahisi kati ya plasta na ngozi. Kagueni asubuhi na jioni, na vidole vikivimba au kuwa baridi, fungueni papo hapo. Plasta ibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu mtoto anakua. Mara ya kwanza afunge daktari wa mifugo nanyi mkiangalia.

Kazi kubwa ni ya mikono yenu. Mara tano au sita kwa siku, kabla ya kunyonya, mwekeni kiganja chini ya tumbo, mmwinue mpaka nyayo zote nne ziguse kapeti, mkunje na kukunjua kila kiungo polepole, kisha msugue nyayo kwa mswaki laini; msisimko huo humfanya auvute mguu mwenyewe. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Nyumbani kwangu Bukavu niliwahi kumlea jike mdogo wa rangi ya kahawia, aliyesukuma tumbo lake sakafuni kama mtumbwi unaovutwa mchangani. Siku ya tisa ya mazoezi aliegemeza kidevu kwenye ukingo wa sahani, matako yakainuka yakitetemeka, akasimama kwa muda wa pumzi mbili hivi, akaanguka, akainuka tena bila mimi kumgusa. Siku hiyo sikumwongezea zoezi lolote, nilimwacha alale.

Akilala, mlazeni ubavu na kumwegemeza kwa kitambaa kilichoviringishwa, mkimgeuza upande kila mara. Anayelalia kifua siku zote hubanwa kifua kikawa bapa, na hapo mapafu na moyo hukosa nafasi. Msimmiminie maziwa mdomoni, yataingia mapafuni. Mkianza sasa, tarajieni mabadiliko ndani ya wiki moja hadi nne. Akipumua kwa shida au akikataa kunyonya, msingoje hata siku moja.

Wangu ana siku 12 na hajatembea. Nifanye nini? (Katuba, Lubumbashi)

Subiri, katika umri huo macho ndiyo kwanza yanafunguka.

Miguu ya mbele ya mtoto wangu wa miezi miwili na nusu inapinda. Ninampa dawa ya kalsiamu ya watoto wa binadamu na kumwanika juani kila asubuhi. Anakula nyama tupu, kwa kuwa nataka awe na nguvu. (Nguba, Bukavu)

Dada yangu, nyama tupu ndiyo inayompinda. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili ukikosa kalsiamu katika chakula huichukua kwenye mifupa, mpaka mifupa ipinde au ivunjike kwa kuruka tu. Jua halitamponya, kwa sababu ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kutosha kama ngozi yetu. Lazima aipate kwenye chakula. Mchanganyie bugali laini na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliopikwa na kupondwa pamoja na mifupa yao, na ongeza yai lililoiva. Hiyo dawa acha kwanza, umpeleke kwa daktari wa mifugo aangalie mifupa yake na kukupimia kiasi, kwa sababu kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa inayokua, hasa ya mbwa wa aina kubwa. Asiruke ngazi wala kucheza na mbwa wakubwa mpaka hapo.

Nimenunua mbwa wa aina ya mchungaji wa Kijerumani, wa miezi mitatu. Vifundo vya miguu ya mbele vimelegea, anakanyagia karibu kiganja chote. Muuzaji anasema nimlishe zaidi anenepe. (Mtaa wa Golf, Lubumbashi)

Usimnenepeshe. Huo ni ulegevu wa kano unaowapata watoto wa aina kubwa wanaokua haraka, na uzito unauzidisha. Mweke nje kwenye udongo au majani, atembee kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, ale chakula cha mtoto kwa kiasi. Mara nyingi vifundo hukaza baada ya wiki chache. Usimfunge vijiti wala bendeji ngumu, maana mguu usiofanya kazi hulegea zaidi. Tena naomba wauzaji wa miji yetu yote waache kuwatenga watoto na mama yao kabla ya wiki nane: ninaletewa wa wiki nne waliolishwa maziwa ya ng'ombe na kuharishwa nayo, halafu mwenye mbwa anashangaa kwamba miguu haina nguvu.

Ninaweza kumpa parasetamoli apunguze maumivu? (Goma, wameuliza wanne)

Hapana, wala ibuprofeni. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na bado watoto wa mbwa wanauawa kwa vidonge vya binadamu.

Wangu alitembea vizuri, lakini alipofika miezi miwili miguu ya nyuma ikawa migumu kama fimbo, haikunjiki. Je, nimfunge plasta kama muogeleaji? (Kadutu, Bukavu)

Papa, usimfunge. Aliyewahi kutembea kisha akashindwa si muogeleaji. Ugumu kama huo unaweza kutoka kwa kimelea cha neospora, ambacho mama humpitishia mtoto tumboni na ambacho mbwa hukipata pia kwa kula nyama mbichi ya ng'ombe. Dawa husaidia zikianza mapema, kabla viungo havijaganda. Ugonjwa wa Carré, ule wa virusi vya mbwa uitwao pia distemper, nao hupooza miguu. Mpeleke leo. Na mtoto aliyepooza ghafla, anayedondosha mate au asiyeweza kumeza, msimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama, kwa kuwa kichaa cha mbwa huwapata hata wadogo. Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Jike wangu alikuwa muogeleaji, sasa anakimbia. Akikua, nimzalishe? (Keshero, Goma)

Usimzalishe, wala usiwarudishe pamoja wazazi wake. Yeye mwenyewe ataishi kama mbwa mwingine yeyote, mradi asinenepe na asirudi kulala kwenye vigae.