Maswali ya Wasomaji: Kuonja Vyakula vya Mitaani Salvador kwa Miguu

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Ninakwenda Salvador, nchini Brazil, kwa mkutano wa kikazi, na baada ya mkutano nitabaki na siku mbili za mapumziko. Nimesikia kuna matembezi ya kulipia, ambapo mwongozaji huwapitisha wageni mtaa kwa mtaa wakionja vyakula. Mume wangu anasema ni kupoteza fedha, kwa kuwa mtu aliyekulia Dar es Salaam hafundishwi kula barabarani. Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe wala sinywi pombe, na ninayaogopa mafuta ya mawese. Je, nilipe, au nizunguke peke yangu?
Msomaji wa Magomeni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Lipa, na uyafanye matembezi hayo siku ya kwanza, ili siku ya pili urudi mwenyewe pale palipokupendeza.

Shemeji yetu ana hoja, kwani ukimkuta mama wa Salvador, amevaa sketi pana nyeupe na kilemba, anakaanga acarajé kando ya meza yake, utasema hizi ni bajia za kunde, na hutakuwa umekosea. Kunde hulowekwa, hutolewa maganda, husagwa, kisha hupigwa kwa mwiko mpaka zinaumuka. Tofauti ni kwamba acarajé ni kubwa mfano wa ngumi, hukaangwa kwa mawese, halafu hupasuliwa na kujazwa bamia zilizopikwa, uduvi mkavu, na vatapá, ambayo ni rojo zito la mkate, uduvi, karanga au korosho, na tui la nazi.

Lakini kuna jambo ambalo macho na ulimi havitakuambia, nalo ni namna chakula hicho kilivyofika hapo. Jina lake limetokana na àkàrà ya Wayoruba wa Afrika Magharibi. Katika enzi za utumwa, wanawake walitumwa na mabwana zao kuuza vyakula barabarani, wakatakiwa kurudisha kiasi kilichopangwa; kile kilichozidi baadhi yao walikidunduliza mpaka wakaununua uhuru wao wenyewe. Utumwa ulipigwa marufuku Brazil mwaka 1888, kazi ile ikabaki mikononi mwa mabinti na wajukuu, na mwaka 2005 taifa likaiandikisha kazi ya akina mama hao, wanaoitwa baianas, kuwa urithi wa utamaduni. Mimi siwezi kuila acarajé kama bajia ya kawaida baada ya kuyajua hayo, na ninaamini wewe pia hutaweza. Kwa maoni yangu, kuelezwa habari hiyo ukiwa umesimama mbele ya karai lenyewe ndiyo thamani ya fedha unayolipa.

Kabla ya kulipa, uliza njia mtakayopita. Matembezi mengi huzunguka Pelourinho, mtaa wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1985, ambao jina lake maana yake ni nguzo waliyofungwa watumwa wakichapwa viboko. Ni mahali pa kupaona, na pia pa kutulia kidogo kwa heshima. Hata hivyo, msipovuka hapo, mtakula katikati ya watalii wenzenu. Tafuta mwongozaji anayewashusha wageni kwa lifti ya Lacerda, iliyofunguliwa mwaka 1873 na inayounganisha mji wa juu na mji wa chini kwa kimo cha mita 72, kisha akaendelea nao hadi soko la São Joaquim. Aliyeizoea Kariakoo hatakuwa mgeni humo, kwa sababu atakuta mawese, uduvi, unga wa muhogo, vyungu na wanyama wa kufugwa, vyote katika vichochoro vyembamba. Kama unaipenda zaidi jioni, chagua njia inayoishia Rio Vermelho, mtaa wa pwani ambako wenyeji wenyewe hukusanyika kula acarajé.

Kuhusu mawese, ambayo wao huyaita dendê kwa neno lililotoka katika Kimbundu cha Angola, Kibantu mwenzake Kiswahili, tahadhari yako ni ya busara. Wenzetu wa Kigoma huyala tangu utotoni, lakini tumbo lisiloyazoea huweza kulalamika, kwa hiyo siku ya kwanza usizidishe acarajé moja. Mama akikuuliza kama unaitaka “quente”, yaani ya moto, haulizi habari ya joto, anauliza kama akuwekee pilipili nyingi.

Mweleze mwongozaji mapema, wakati wa kujiandikisha, kwamba huli nguruwe. Feijoada hupikwa kwa maharage na nyama ya nguruwe, sarapatel ni matumbo na damu, na kinywaji cha caipirinha ni pombe ya miwa. Badala yake omba madafu au juisi ya mabibo. Mkorosho asili yake ni huko Brazil, Wareno ndio waliouleta pwani yetu, na hata jina letu la zamani, mkanju, limetokana na caju yao.

Usisahau chanjo ya homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya safari. Brazil imo katika nchi zenye ugonjwa huo, na utakaporudi utatakiwa kuonyesha cheti uwanjani.

SWALI: Ndugu mhariri, mdogo wangu anasoma Brazil na anataka kunialika katika matembezi kama hayo. Nina mzio mkali wa kamba. Je, inatosha kusema nisiwekewe?
Msomaji wa Mbagala

JIBU: Ndugu yangu, haitoshi. Maneno “sem camarão”, yaani bila kamba, yatauondoa uduvi unaowekwa juu, lakini ndani ya vatapá na ndani ya bamia umo tayari, umesagwa, na kijiko ni kilekile. Mwache mdogo wako ale acarajé, wewe subiri chapati za wanga wa muhogo zinazopikwa kwenye kikaango kikavu, zikiwa na nazi ndani, na cocada, ambayo utaitambua mara moja kuwa ni kashata.