Ofisi ndogo ya mawasiliano na taarifa za wateja: yaliyonikuta Ngamiani, Tanga

Mkuu wa Bagamoyo, swali lako nimelisoma mara mbili. Umefungua ofisi karibu na stendi, unafanya uwakala wa pesa, unasajili laini, unatoa kopi na kuchapa, na sasa kuna shule imekuomba uwe unawatumia wazazi SMS. Umeuliza ununue programu gani ili taarifa za wateja ziwe salama, kama hii Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatuhusu na sisi wadogo, na kamera uifunge wapi. Mimi nina ofisi kama yako hapa Tanga, Ngamiani, huu mwaka wa tisa. Programu iache kwanza. Anza kwa kuangalia ni vitu gani vya watu vimebaki kwako wakati kazi yake ilishaisha. Mimi huko ndiko nilikoumia.

Siku moja alasiri nilinunua karanga kwa mama anayepita na sinia. Nimemaliza kula, nakunjua ile karatasi nitupe, nakuta kitambulisho cha taifa: picha, jina, sahihi, namba zote 20. Pembeni kushoto kuna mstari mweusi kutoka juu mpaka chini. Ule mstari naujua, mashine yangu ya kopi ilikuwa inauchora mwezi mzima kabla fundi hajaja kusafisha kioo. Kopi zilizoharibika nilikuwa natupia kwenye boksi chini ya meza, na yule mama alikuwa anakuja kulichukua kila Ijumaa. Niliona namsaidia. Jioni ile nikalimwaga lile boksi sakafuni: vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, fomu ya hospitali yenye majibu ya vipimo, hati ya talaka ya mtu ninayesali naye msikiti mmoja. Nilimfuata yule mama nyumbani kwake, akanirudishia zote alizokuwa hajazitumia, na sasa namnunulia magazeti ya zamani. Kopi ikiharibika namkabidhi mteja mkononi, "hii nayo ni yako". Asipoitaka naichana mbele yake, naitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kufikia kufunga ofisi imekuwa uji.

Kompyuta nayo ni boksi lile lile, tofauti tu haionekani kujaa. Fungua folda ya Downloads leo uone. Mimi nilikuta mafaili zaidi ya elfu mbili: vyeti vya kidato cha nne, maombi ya mkopo wa chuo, CV zenye wadhamini na namba zao. Wateja wenyewe wanapenda uwatunzie, wanakwambia "iache humo, nitarudi". Waelekeze. Mtumie kwenye barua pepe yake au muwekee kwenye flashi yake, kisha ufute, na pipa la kompyuta nalo ulimwage, maana faili ukilifuta linakaa humo linasubiri mtu wa kulirudisha. Mteja anayeingia kwenye barua pepe yake mfungulie dirisha la faragha la kivinjari, ili akilifunga asiache nywila nyuma. Na simu ya ofisi ambayo watu wanakutumia nyaraka kwa WhatsApp, zima ile sehemu inayohifadhi picha zenyewe kwenye galari, kisha weka ujumbe unaojifuta baada ya saa 24. Simu hiyo anaishika kijana wako, anaishika mdogo wako, kuna siku inaenda kwa fundi.

Sasa nikueleze la shule, maana ndilo unaloliingia.

Mwaka 2021 shule moja hapa mjini ilinipa kazi hiyo hiyo. Wakaniletea orodha ya mkono: jina la mtoto, darasa, jina la mzazi, namba. Nikaichapa kwenye Excel, nikaiweka kwenye kompyuta ya mbele, ile wanayokaa wateja kuchapa barua. Faili nikaliita WAZAZI, hata nywila sikuweka.

Wiki chache baadaye akaingia mama mmoja wa Makorora, anahema, mtandio umemwangukia mabegani. Anataka kuweka elfu themanini kwenye namba aliyoiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Kapigiwa simu na mtu anayejiita mwalimu, mtoto kaanguka shuleni, wako hospitali, daktari anataka hela kwanza. Nilimwambia pole dada, nikapokea zile noti, nikabonyeza mimi mwenyewe. Alipotoka akaipigia shule aulize ni hospitali gani. Mtoto yuko darasani, anaandika. Tulipowapata huduma kwa wateja ile hela ilikuwa imeshatolewa.

Akakaa kwenye benchi langu analia kwa hasira. Katika kusimulia akasema, "Na jina lenyewe alilikosea, anamwita mwanangu Mwanadi, mwanangu anaitwa Mwanaidi." Nikasikia baridi. Nikafungua faili, nikateremka mpaka darasa la tatu. Mwanadi. Niliruka herufi wakati nachapa. Kwenye karatasi ya mwalimu jina liko sawasawa, kwa hiyo tapeli hakulitoa shule wala kwa jirani. Mtu alikaa kwenye kiti changu, akachomeka flashi, akaondoka na watoto wote wa shule ile. Mpaka leo sijamjua.

Nilimlipa yule mama elfu themanini yake siku ile ile, tukaenda naye polisi, kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia ukweli kwamba imevuja kwangu, ili wazazi wengine waonywe kabla hawajapigiwa. Wawili walikuwa wameshapigiwa. Kama kuna jambo katika habari hii sijutii ni kule kwenda kusema mapema. Ukinyamaza ukisubiri yapoe, tapeli anaendelea na orodha yake, mstari kwa mstari.

Shule haikuninyang'anya kazi, ila masharti tuliyapanga upya, na ndiyo nakushauri uanze nayo. Kumwambia mzazi kuna kikao Jumamosi kunahitaji namba ya simu, basi. Jina la mtoto la nini? Darasa la nini? Sasa naletewa safu moja tu ya namba. Matokeo na madeni ya ada, ambayo yanataka majina, shule inatuma yenyewe. Faili lina nywila, liko kwenye kompyuta ya nyuma ambayo mteja haikalii, na nywila nilimtajia mwalimu mkuu kwa mdomo, sikuituma kwenye ujumbe mmoja na faili. Tuna karatasi ya ukurasa mmoja tumesaini: nimepewa nini, kwa kazi gani, nitafuta lini, ikivuja nampigia nani. Muhula ukiisha nafuta mbele yake naye anasaini.

Hapo ndipo Sheria inapoingia. Ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Ndiyo, inatuhusu. Haijasema mwenye ofisi ndogo aachwe. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwa Tume, kwa hiyo ingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni ukamilishe. Utakutana na maneno mawili, mkusanyaji na mchakataji. Mkusanyaji ndiye anayeamua taarifa zichukuliwe kwa ajili ya nini. Mchakataji anazifanyia kazi kwa niaba yake. Kwenye SMS za shule, shule ndiyo mkusanyaji, wewe mchakataji. Kwenye usajili wa laini unamfanyia kazi mtandao wa simu. Lakini daftari la madeni ya wateja wako, au namba unazozihifadhi ili uwaambie vocha zina ofa, hapo mkusanyaji ni wewe na jukumu ni lako.

Jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui ni kwamba Sheria imeweka kundi la taarifa nyeti, na humo hayamo magonjwa na dini peke yake. Zimo taarifa za watoto, zimo alama za vidole, zimo na miamala ya fedha ya mtu. Hebu angalia meza yako mkuu: uwakala, usajili wa laini, SMS za shule. Karibu kazi yako yote ni taarifa nyeti, na hizo zinataka ridhaa ya maandishi ya mhusika. Mtu binafsi akizitoa taarifa za mtu kinyume cha Sheria, faini inaanzia shilingi 100,000 mpaka milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote pamoja. Kijana wako msomee kifungu hicho siku ya kwanza ya kazi, kabla hujamkabidhi funguo. Wangu wa kwanza nilimwachisha kazi kwa kuchukua namba ya binti kwenye daftari na kumtumia salamu usiku. Alisema ni utani. Yule binti hajakanyaga tena ofisini kwangu, na mama yake pia.

Daftari la miamala lenyewe tunaliacha wazi mezani kama kitabu cha wageni msibani. Mteja anakuja kusaini, macho yanapanda juu: fulani kaweka laki tano, fulani katoa yote. Mimi nilikata kadibodi ya boksi la karatasi, nikatoboa dirisha refu lenye upana wa mstari mmoja. Nalilaza juu ya ukurasa, mteja anaona mstari wake tu, anasaini. Haina gharama. Na jina linapotokea kwenye skrini usilitangaze na kiasi chake mpaka wa nje wasikie, geuza simu mteja asome mwenyewe, akubali kwa kichwa.

Kwa wazee ndipo pagumu. Kuna bibi wa mtaani kwetu, kila mwisho wa mwezi anapokea hela ya mwanawe. Ananipa simu yote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nitolee hiyo hela, namba ya siri ni ile ile unaijua."

Kweli nilikuwa naijua, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Nilimwambia, "Bibi, naomba uibadilishe leo, na hiyo mpya mimi usinitajie. Kesho hapa anaweza kukaa mwingine." Akaniuliza kama amenikosea. Ilinichukua miezi mitatu. Nilikuwa naweka kidole chake kwenye kitufe cha kwanza kisha natazama barabarani, naye anahesabu kwa sauti, namwambia hesabu moyoni bibi. Siku hizi anabonyeza mwenyewe, na foleni inasubiri. Wanaonung'unika nawaambia wasubiri.

Kwenye kusajili laini usiwe na haraka. Ule ujanja wa kumwambia mteja "weka kidole tena, haijasoma" ili laini ya pili itoke kwa jina lake, wapo walioufanya, na laini hizo ndizo wanazopigia matapeli. Mimi kidole kikigoma namwonyesha mteja kifaa kimeandika nini kabla hajarudia. Tukimaliza namwambia apige *106# pale pale aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende ikafungiwe. Na ukutani nimebandika kwa herufi kubwa: ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Kitu kingine, utakuja kufuatwa. Mimi alinifuata mtu wa mikopo, hii wanayoiita kausha damu. Alijua natuma SMS za kikundi cha vikoba na kamati mbili za harusi. Alitaka namba za akina mama tu, laki tatu mkononi, na alikuwa ameshazihesabu. Mwezi ule nilikuwa nadaiwa kodi ya fremu. Nikawafikiria wale mama wa vikoba, wengine nimekua nao, nawaona wanavyokimbizwa na hawa watu mpaka wanahama mtaa usiku. Nikamrudishia hela yake. Jioni nikafuta zile orodha tatu zote, harusi zenyewe zilikuwa zimeshapita na sikuwa na sababu ya kuzitunza.

La kamera. Wengi wanaifunga juu ya kaunta inatazama chini, hivyo inarekodi kila namba ya siri inayobonyezwa, na picha zinakaa kwenye mashine wiki kadhaa. Mimi nilimweka kijana kwenye skrini, nikakaa upande wa mteja na simu yangu, nikawa nabonyeza namba huku namuuliza anaona nini. Mara ya kwanza alinisomea namba zangu zote nne. Nikapanda kwenye kiti nikaigeuza, akasoma mbili. Nikaigeuza tena mpaka ikabaki inaona mlango, droo ya hela na bega langu.