Kabla ya kumweka mchezaji benchi, kipime kwanza kifaa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwalimu kijana wa Pemba, ambaye timu yake imepata fulana za GPS, zile zenye kifaa kidogo mgongoni kinachopima kwa setilaiti umbali na kasi ya mchezaji. Baada ya salamu aliniuliza kama ni haki kumweka benchi winga wake wa kulia, kwa kuwa ripoti inaonyesha kuwa mbio zake za kasi ni chache kuliko za wenzake wote. Nilimjibu hapo hapo kuwa asithubutu, kisha nikaahidi kueleza sababu, maana jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu na najua wapo walimu wengi wanaotamani, kama nilivyotamani mimi, kuzifundisha timu zetu kisayansi.

Nilikuwa kocha wa viungo wa timu moja ya hapa Unguja, ambayo sitaitaja, pale mfadhili alipotuletea seti ya fulana hizo zikiwa zimeshatumika huko zilikotoka. Viongozi walizipokea kama mgonjwa anavyompokea mganga aliyetoka mbali. Kila baada ya mechi walitaka ripoti iliyochapishwa, na kila ripoti ilimtaja beki wetu wa kushoto kuwa ndiye mvivu wa timu, ilhali mimi niliyesimama pembeni ya uwanja nilimwona akipanda na kurudi hadi fulana inamganda mgongoni. Mazoezini, bila ya kumwambia mtu, nikabadilisha: kifaa cha beki nikampa kiungo wetu mkabaji, na cha kiungo nikampa beki. Jioni ile kiungo ndiye aliyekuwa mvivu, na beki akawa farasi. Nikarudia siku nyingine kwa wachezaji wengine, na uvivu ukazidi kuhama pamoja na kile kifaa.

Nilizipeleka karatasi zote mbele ya kikao. Nikaambiwa kuwa mimi ni nani hata nishindane na setilaiti. Kijana akaachwa, akachukuliwa na timu nyingine, na huko akacheza msimu mzima kila mechi. Hadi leo hakuna aliyenipigia simu kuniambia kuwa nilikuwa sahihi, na sitarajii.

Kwa hakika setilaiti hazina kosa. Ziko juu kiasi cha kilomita 20,000, na kifaa kilicho baina ya mabega ya mchezaji huhitaji kuziona angalau nne ili kijue kilipo. Kasi hukipata kwa kupima jinsi mawimbi yake yanavyobadilika mchezaji anaposogea. Mtu akikimbia moja kwa moja, kwa mwendo wa wastani, chini ya anga iliyo wazi, umbali wa jumla hutoka vizuri. Taabu huanza kwenye mambo yale yale ambayo mpira wa miguu umejengwa juu yake, yaani mbio fupi, kuanza kwa ghafla, kusimama na kugeuka. Kilomita 25.2 kwa saa, kasi ambayo timu nyingi huihesabu kuwa ni mwanzo wa mbio za kasi, ni sawa na mita 7 kwa sekunde. Basi kifaa cha zamani kinachoandika mara moja tu kwa sekunde humwona winga hapa, kisha humwona mita 7 mbele, na chenga iliyopita katikati haikijui kabisa. Vya mara 10 kwa sekunde ni bora zaidi, lakini navyo huyumba kwenye kuongeza na kupunguza mwendo. Mtafiti wa sayansi ya michezo Martin Buchheit na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walifunga vifaa vingi vya chapa moja juu ya chombo kimoja cha kukokotwa, vyote vikaenda njia moja kwa wakati mmoja, na bado hesabu za kuongeza mwendo zilitofautiana sana.

Kwa hiyo, mwalimu, kipime kifaa chako. Duara la katikati ya uwanja lina nusu kipenyo cha mita 9.15, kwa hiyo mzunguko wake ni karibu mita 57.5. Lihakikishe kwanza kwa futi, kwa sababu viwanja vyetu vingi huchorwa kwa macho, kisha mtu azunguke mara 10 kwa kutembea na mara 10 kwa kukimbia, akifuata mstari. Jibu likipungukia mita 575 kwenye kukimbia peke yake, umeshajua kifaa kinakata kona. Halafu vitie vyote katika mfuko mmoja, uzunguke navyo uwanja, uone vinavyotofautiana. Viwashe nje mapema, na si katika chumba cha kubadilishia nguo chini ya jukwaa la zege. Kila mchezaji abaki na kifaa chenye namba yake msimu mzima, naye alinganishwe na nafsi yake ya wiki iliyopita, asilinganishwe na jirani yake. Narudia: namba yake, msimu mzima. Na ukiona ripoti inampa mtu kilomita 43 kwa saa, kama niliyowahi kuona ikimpa kipa, kumbuka kuwa Usain Bolt, siku alipoweka rekodi ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, alifika karibu 44.7.

Tumekuwa watu wa kuyaamini maandishi ya kompyuta na kuyadharau macho ya mwalimu aliyelelewa uwanjani. Mchezaji ni amana, na mzazi wake hakutukabidhi tumpime kwa mizani tusiyoijua.

Jambo jingine ni programu ya kompyuta inayotoa ripoti za vifaa hivyo. Wauzaji wakikutaka uisasishe katikati ya ligi, waombe wasubiri hadi msimu uishe, kwa sababu toleo jipya huweza kuhesabu mbio kwa kanuni nyingine. Kama umeshaisasisha, andika tarehe yake kwenye daftari, na takwimu za kabla ya hapo usizichanganye na za baadaye.